Kompyuta Tatu Zisizotoka Nje

Benchi letu limeegemea kibanda changu cha kushonea viatu, pale njia mbili zinapokutana. Mimi nashona, birika linachemka, wenzangu wanakunywa kahawa na kunisaidia kwa maneno. Kuna Wembe, kinyozi wa mlango wa pili. Kuna Pasi, dobi. Kuna Mzee Breki, dereva mstaafu wa malori, tuliyempa jina hilo kwa sababu akianza kusimulia hajui kusimama. Asubuhi hiyo alikuja mpwa wake, Waya, fundi kompyuta, akakaa na kompyuta yake mapajani bila kutusalimia vizuri. Tulijua yaliyomkaa moyoni. Aliacha kazi ya ofisini, kazi aliyotafutiwa na mjomba wake huyu huyu, ili ajitegemee. Sasa bosi wa zamani anamtaka arudi, na anataka jibu kabla ya adhuhuri. Mteja wake wa kwanza, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, naye anakuja adhuhuri hiyo hiyo kukagua kazi.

— Mbona umekunja uso hivyo? akaanza Wembe. Nani kakuudhi?

— Kompyuta zangu hazitoki nje.

— Si hiyo hapo iko nje, juani kabisa?

— Siyo hii, kaka. Nimekodi seva, kompyuta kubwa, iko mbali huko. Ndani yake nimetengeneza kompyuta pepe tatu za shule. Moja ya matokeo, moja ya matangazo, moja ya maktaba. Zote zinawaka vizuri. Ila intaneti hazipati.

— Pepe au pepo? akauliza Pasi.

— Pepe! Hazishikiki kwa mkono. Ni programu tu, zinaishi ndani ya ile kubwa.

— Hazishikiki, ziko tatu, na zinaishi ndani ya mwenzao. Pasi akatikisa kichwa. Dada yangu, hapo hutafuti fundi. Hapo unatafuta wa kuziombea.

Tukacheka. Waya akajizuia, lakini midomo ilimsaliti.

— Mimi nasema zinaona haya, akasema Wembe. Umezileta duniani juzi tu, leo unataka ziongee na ulimwengu mzima? Hata mteja mpya kwenye kiti changu, mpaka nifike kisogoni ndiyo anaanza kunieleza ya nyumbani kwake.

— Haya gani, bwana, akadakia Pasi. Zinagombania mlango. Mimi nimepanga nyumba ya bafu moja, naongea kwa ushahidi. Kila mmoja anamsikiliza mwenzake atoke, mwishowe wote mnachelewa kazini.

— Nyote hamjui kitu, akasema Mzee Breki. Hilo ni suala la mpaka. Seva iko nchi nyingine, si ndiyo? Basi hazina pasipoti. Nimewahi kukwama mpakani na lori la vitunguu mpaka vikaota majani. Nikawa navimwagilia.

— Unavimwagilia vitunguu ndani ya lori? akauliza Wembe.

— Ningefanyaje? Vilikuwa vinaniangalia.

Pasi hakutaka kushindwa. Akasema huenda ile kompyuta kubwa imezipenda hizo ndogo, inazifungia makusudi ili isibaki peke yake. Wembe akasema hapana, zimegoma, zinataka mshahara. Waya akafunga kompyuta, pap.

— Jamani, nitanyang'anywa seva mimi! Jana nilijaribu zitoke zenyewe, kila moja kwa anwani yake. Kampuni iliyonikodisha ikafunga seva nzima. Wao wanaitambua anwani moja tu, ile waliyonipa. Wakiona wageni watatu wanapita kwao, wanadhani nimevamiwa. Wamenifungulia kwa onyo. Nikirudia, basi.

Utani ukakatika. Mzee Breki akakohoa.

— Sasa mwanangu, si umpigie bosi wako tu? Kule kuna kiyoyozi.

— Mjomba, niache kwanza.

— Nikuache, na mama yako ananiuliza mimi kila siku? Ananiuliza kana kwamba nimekuficha.

Waya aliinama, nikaona anafuta kifuniko cha kompyuta ambacho hakikuwa na vumbi. Pasi akamsogelea.

— Hebu nieleze taratibu, kama unamweleza mtoto.

— Chukua hivi. Nyinyi watatu mmekaa humu kibandani, hamjulikani mtaani. Mnataka vitu dukani. Mwenye duka anamjua fundi viatu peke yake, mkitoka nyinyi anapiga kelele za mwizi. Kwa hiyo hamtoki. Mnamwagiza fundi. Fundi anakwenda kwa jina lake, anarudi, anakumbuka kipi kilikuwa cha nani, anampa kila—

Akasita, mkono ukiwa hewani.

— Anampa kila nani? akauliza Pasi.

Lakini Waya alishaifungua kompyuta, vidole vinapiga kama mvua ya mawe.

— Kwa nini nazilazimisha zitoke? alikuwa akijisemea. Hazina haja ya kujulikana huko nje! Zinaachiwa anwani za humo humo ndani, seva ndiyo inatoka kwa niaba yao.

Tukamzunguka. Wembe alisahau kikombe kikamwagikia suruali yake. Waya akabonyeza, akangoja.

— Bado, akasema.

— Nilisema, zinaona haya zile, akanong'ona Wembe.

Waya akasoma tena alichoandika, mstari baada ya mstari, kisha akajipiga paji la uso.

— Nimeiambia seva itumie jina lake, sijairuhusu kupitisha mizigo ya wengine!

Akaongeza mstari mmoja. Akabonyeza.

— Ya matokeo imetoka! Ngojeni... ya matangazo pia. Na maktaba!

Tulipiga makofi hadi wapita njia wakasimama. Waya akachukua simu, akasogea hatua chache. Sote tukajifanya tunaangalia kahawa.

— Nashukuru sana, bosi, tukamsikia. Lakini sirudi. Hapana, nimeshaamua.

Aliporudi, aliitia simu mfukoni. Mzee Breki, ambaye sijawahi kumwona akimhudumia mtu, aliinuka, akammiminia kahawa, akampa kwa mikono miwili.

— Kunywa, mwanangu. Mama yako nitaongea naye mimi.

Ndipo mwalimu mkuu akafika, mama mwenye miwani na mkoba mzito. Wembe na Pasi wakamweleza ushindi kwa pamoja, kila mmoja akiudai kuwa wake. Akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Waya.

— Hongera sana. Kwa hiyo kompyuta zinaweza kutoka.

— Zinatoka, mwalimu.

— Na mzazi aliyeko nyumbani, akitaka kuona matokeo ya mwanawe, ataingilia wapi?

Wembe akamtazama Pasi. Pasi akamtazama Mzee Breki. Mzee Breki akachungulia ndani ya birika.

Waya akaangua kicheko, kile chake cha kweli.

— Mwalimu, mlango wa kutokea ninao. Wa kuingilia bado sijaukata.

Akaipakata tena kompyuta. Mwalimu hakukasirika. Aliwasogeza wenzangu kwa nyonga, akakaa benchini, akavua kiatu kimoja kilichoachia kisigino na kunikabidhi.

— Basi kila fundi aendelee na kazi yake, akasema. Nawasubiri wote wawili.