Siku ya Mkutano Kidonge Sikimezi

Asalaam aleikum, mama zangu, dada zangu, na nyie mabinti mnaocheka huko nyuma hata sijaanza. Chekeni tu. Leo nitasema mambo ya mkojo, na mtacheka kweli. Lakini mkimaliza mnisikilize, maana katika chama chetu hiki cha akiba wamo wenzangu wa presha, na najua wapo wanaofanya vilevile nilivyofanya mimi. Simtaji mtu. Nitajisema mwenyewe, inatosha.

Mnanijua. Mimi na mdomo wangu huu tumetoka mbali. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, "Wewe ukifa tutazika mwili, mdomo tutauacha usimamie matanga." Basi siku niliyoambiwa sipitali kwamba nina presha, tensão kama wenyewe wanavyoiita kwa Kireno chao, sikutishika. Nikapewa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila asubuhi, bila kuacha. Nikasema haya.

Ndugu zangu, nawaambia, kile kidonge kina vituko. Ukikimeza hukai. Unatoka chooni, kanga hujaifunga vizuri, mkojo unakuita tena. Ukiinuka haraka, macho yanaingia giza, unashika ukuta. Hayo yote niliyaweza, maana choo changu, ua wangu, nani ananiona? Nilichoshindwa ni mikutano.

Mnaikumbuka miaka ile. Gesi imepatikana kule baharini, na kijiji chetu, huku upande wa ghuba ya Tungue, ndipo wanapopataka wajenge kiwanda chao. Ikawa mkutano juu ya mkutano. Leo serikali, kesho kampuni, keshokutwa wote pamoja na mkalimani wao. Tunakaa mkekani toka asubuhi mpaka jua linapinda. Wanaume mbele, sisi nyuma, na choo hakuna. Ukitaka kutoka, upite mbele ya wakwe, mashemeji na wageni wenye kofia ngumu, uelekee vichakani wote wanakutazama mgongo.

Mkutano wa kwanza nilitoka, nikarudi, sijakaa sawasawa nikatoka tena. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu bibi kaja mkutanoni au kaja kumwagilia?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi, na mdomo wote huu, nikajifunika kanga usoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria: siku ya mkutano kidonge sikimezi. Maji pia sinywi. Na mikutano ilikuwa haiishi, kwa hiyo vidonge vikawa vinalala kwenye kopo. Hata siku ambazo hakuna mkutano nikaanza kuacha, maana najiona mzima. Kichwa kikiniuma, nasema ni jua. Kule sipitali nesi, enfermeiro wetu yule kijana aliyeletwa kutoka kusini, akiniuliza kama nameza dawa, namjibu nameza. Mwanamume, tena umri wa mwanangu, nimweleze habari za mkojo wangu? Astaghfirullah!

Mtaniuliza, sasa si ungebaki nyumbani tu? Sikuweza. Nilikuwa na jambo langu.

Mtoto wangu wa kwanza hakufika siku saba. Wengi wenu hamjui, kwa sababu sikuwahi kulisema. Wanaume walikwenda kumzika shambani kwetu, mimi niko ndani, mzazi. Arobaini yangu ilipotimia, mume wangu akanishika mkono akanipeleka akanionyesha. Kati ya mkorosho na kisima cha zamani, jiwe bapa la matumbawe. Basi miaka yote hiyo nikienda kulima napitia pale kwanza, nang'oa majani, nakaa kidogo. Mume wangu akafariki. Waliozika naye wakafariki. Mkorosho ukaanguka, jiwe likamezwa na mchanga. Nikabaki mimi peke yangu ninayepajua.

Na mkutanoni walisema, kila mwenye kaburi aje alionyeshe, lihifadhiwe kwa heshima. Ambalo halikuonyeshwa, jamani, nani atalijua? Litapitiwa na tingatinga. Ndiyo maana sikukosa mkutano hata mmoja. Nilikuwa naingoja siku ya kuonyesha.

Ikafika. Tukaenda kwa miguu, kamati, wageni, wazee, wanaume watupu, isipokuwa mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayekaa naye ua mmoja. Kidonge sikukigusa, wala siku zilizotangulia sikukigusa. Tukaanza na makaburi ya wengine. Jua kali, kichwa kinanigonga. Zamu yangu ilipofika mkalimani akasema, "Haya, mamã, tuonyeshe."

Nikafungua mdomo niseme, "Twendeni huku." Kilichotoka sikijui hata leo. Si Kiswahili, si Kimwani, si chochote. Watu wakanikodolea macho. Nikataka kunyoosha mkono wa kulia, mkono ukakataa. Nikamsikia wifi, "Mtume wangu! Mdomo umekwenda upande!"

Wakanipakia kwenye gari la wageni kunikimbiza sipitali, Palma. Waliobaki wakaendelea na kazi yao, na kaburi langu wakaliruka.

Sipitali yule kijana akanipima, akatikisa kichwa. Kiharusi, akasema, kidogo, lakini kiharusi. Akauliza tena lile swali lake, "Mamã, dawa ulikuwa unameza?" Mimi siwezi kujibu, ulimi umelala. Akamgeukia wifi. Na wifi, mwenyewe huyo amekaa pale, alisema bila kupepesa macho: "Hamezi. Kopo limejaa. Anaona haya kwenda kukojoa mbele ya wanaume."

Wallahi, ningekuwa na ulimi siku ile, tungeachana udugu! Nilimtolea macho. Lakini ukweli ulikuwa umeshatoka, na mimi sina pa kuukania. Nikamtazama yule kijana, nangoja acheke.

Hakucheka. Alivuta kiti akakaa. Akasema kwa Kireno, na wifi anayekijua akinitafsiria, kwamba kazi ya dawa ile ndiyo hiyo ya kutoa maji, na wengi wanaiacha kwa sababu hiyohiyo, wanaume pia, ila hawasemi. Ukiwa na safari, akasema, uimeze alfajiri na mapema, itakuwa imeshakusumbua nyumbani kwako. Ukikaa au kulala, uinuke polepole. Na kama bado inakushinda, njoo tuseme, dawa za presha si moja. "Lakini usiiache kimyakimya, mamã." Basi, jambo lililotaka kuniua lilikuwa na majibu mepesi namna ile. Nililia.

Nikarudi nyumbani, na ile ndiyo miezi migumu. Nilianza na Bismillahi, inatoka kama ya mtoto anayeanza kusema. Nilitaka kumwambia wifi kaburi liko wapi, endapo ningekufa. Nasema jiwe, haliji. Nasema kisima, kinakuja kitu kingine. Sikuogopa kufa, ndugu zangu. Niliogopa kufa na mahali pale ndani ya kichwa changu, mwanangu apotee mara ya pili. Wifi akawa ananiambia, "Sema tena." Kila siku, tena na tena. Nilimchukia, na nilimpenda.

Ulimi ukafunguka taratibu. Wifi akaenda kwenye kamati, akawaambia kuna kaburi limerukwa. Alikwenda mpaka wakamchoka, wakatupa siku nyingine.

Siku hiyo nilikimeza alfajiri, baada ya swala. Kikanisumbua nyumbani, kama nilivyoambiwa. Lakini njia ndefu, na mimi nilikuwa nimekunywa maji, sifanyi tena ujinga ule. Katikati ya njia, kikaita. Nikasimama. Mbele wanaume, na yule mzee wa kumwagilia yumo. Nyuma yangu, nyie. Mlikuja wengi siku ile, wifi aliwapitia nyumba kwa nyumba. Akanitazama usoni, akajua. Nikamkatalia kwa kichwa. Hakunijali.

"Baba zetu," akasema, "simameni hapo, mtazame bahari. Wanawake tunatoka."

Wakageuka, wote, na mzee yule akageuka. Mkavua kanga za juu mkazishika, mkanizungushia ua. Na mwenzetu mmoja, hana presha wala nini, akaingia akachuchumaa pembeni yangu, akasema, "Afadhali! Nimebanwa tangu asubuhi, nilikuwa namngoja atakayeanza." Nilicheka mpaka nikashindwa kuinuka. Nikainuka polepole.

Tukafika. Kisima kipo. Nikahesabu kichwani, nikapiga magoti, nikafukua mchanga kwa mkono, huu wa kulia. Jiwe hili hapa. Nikasema, "Hapa."

Mkalimani akauliza, "Mtoto mchanga. Tuandike jina gani?" Sikuwa nimewahi kulitamka jina lile mbele ya mtu tangu baba yake alipofariki. Leo nimesema simtaji mtu, lakini huyu ni wangu, nitamtaja. Salumu. Likatoka zima.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kijana wa sipitali ambaye hakunicheka. Nawashukuru nyie na kanga zenu. Na wifi, nisingepona bila mdomo wako, na sitalisema hili mara ya pili, kwa hiyo lisikie vizuri. Mabinti, sisi tuliwaambia unyagoni mficha uchi hazai. Mimi ndiye niliyekuwa nausema sana msemo huo, na mimi ndiye niliyeficha. Dawa ikikusumbua, mwambie aliyekupa. Haya zako zisikufanye ukamwacha unayempenda bila msemaji.

Nimesema sana, na asubuhi nimekimeza, mnaniona ninavyobadilisha mguu. Wifi, lete kanga. Nani mwingine anatoka?