Mama Masharti na Sharti la Tisa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu wa kitengo cha mashindano anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kwenye barua za ofisi ana jina lake kamili. Kwenye korido zetu yeye ni Mama Masharti, na mlinzi wa getini ukimuulizia kwa jina lile la kwenye barua atakwambia mtu huyo hafanyi kazi hapa.

Aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi, enzi kampuni yetu ya safari ikiwa ni chumba kimoja juu ya duka la viatu. Alikata tiketi kwa mkono, alipokea simu, na alimwagilia ule mmea wa dirishani ambao mpaka leo haujapata kuchanua. Kampuni ilipoanzisha shindano la kila msimu, la kujishindia safari ya watu wawili, aliambiwa alishike kwa muda tu, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana.

Yale maandishi madogo ya chini ya mabango yetu, ambayo wengi huyaruka, ni kazi ya mikono yake. Labda ndiyo maana husoma kila karatasi kuanzia chini kwenda juu: gazeti, menyu, hata kadi za harusi. Anasema juu huwekwa utamu na chini huwekwa ukweli.

Sharti lililomletea simu nyingi kuliko yote ni lile la kwanza: mshiriki awe mkazi wa nchi hii. Kila msimu walipiga watu wa nchi nyingine, wengine wamenuna, wengine wakibembeleza. Tungeweza kuwatumia wote jibu moja. Yeye alimjibu kila mtu peke yake, simu begani, biskuti kwenye chai. Alieleza kwamba kila nchi ina sheria yake ya michezo ya zawadi. Moja inataka kibali, nyingine inataka kampuni iwe na ofisi kwao, nyingine inataka kodi ya zawadi ilipwe kwanza, na nyingine haitaki kusikia habari ya droo kabisa. Tena wadhamini wanaotoa zawadi wanatafuta wateja wa hapa hapa, na tiketi ya mshindi inaanzia uwanja wetu wa ndege. Kisha angemalizia kwa sauti ile ya kumlaza mtoto: “Hatujakukataa wewe, mwanangu. Tumekataa makaratasi ya nchi mbili.” Waliopiga wakiwa na hasira walikata simu wakimuombea afya.

Kuna msimu mmoja alikwenda likizo, nasi tukachapisha bango jipya lenye maneno makubwa mekundu: Popote ulipo, shiriki! Tulilipigia makofi. Zawadi ilikuwa siku nne katika hoteli ya kando ya ziwa, nchi jirani. Droo ikachezeshwa, mshindi akapatikana: fundi cherehani wa huko huko nchi jirani, ambaye kibanda chake kinatazamana na geti la hoteli yenyewe.

Mama Masharti alirudi kazini asubuhi ile ile fundi alipopiga simu. “Mama, nashukuru sana,” alisema, “ila naomba kuelewa. Hiyo ndege ni ya kunivusha barabara? Au nije huko kwenu kwanza, ndipo mnirudishe nyumbani?” Kabla hatujamaliza kucheka, bodi ya michezo ya kubahatisha ya nchi yake ikatuandikia ikiuliza kibali chetu kiko wapi. Kicheko kikatukauka. Mama Masharti hakumlaumu mtu. Alivua koti, akaomba radhi kule, akalipia kibali, akahakikisha fundi na mkewe wanalala hotelini siku zao zote nne. Tuliambiwa mke alivuka barabara usiku wa kwanza kufuata mto wake, maana mito ya hoteli ilikuwa laini kupita kiasi. Bango tulilishusha siku ile ile, na hakuna tena aliyeuliza sharti la kwanza lina kazi gani.

Lakini kuna mtu mmoja aliyeuliza kila msimu, na hakuchoka. Mdogo wake Mama Masharti, wa tumbo moja, aliolewa mbali, nchi ya ndege mbili. Hupiga simu ya ofisi makusudi ili sote tusikie dada yake akitaabika.

“Dada, sanduku la kuponi si liko mezani kwako? Chovya mkono unitoe basi!”

“Wewe umekatazwa mara mbili. Sharti la kwanza unaishi ng'ambo, sharti la pili ni ndugu wa mfanyakazi.”

“Na la tatu?”

“La tatu una kelele.”

Wangecheka mpaka machozi, halafu sauti ya Mama Masharti ingeshuka, naye angesema maneno yale yale: “Nikistaafu nitakuja.” Msimu wa mashindano ni msimu wa likizo za wenzake, na nauli ya ndege mbili si ya mchezo. Hawajaonana tangu mazishi ya mama yao.

Naamini simu zile ndizo zilizomzalia sharti la tisa, jambo ambalo kampuni itamkumbukia. Alikwenda nalo kwa mwanasheria, kwa watu wa bima, kwa mashirika ya ndege, na kwa mkurugenzi, ambaye nadhani alikubali ili apate kupumua. Linasema hivi: mshindi awe mkazi wa nchi hii, lakini mwenzake wa safari anaweza kuishi popote, atapanda ndege huko kwao na watakutana hotelini. Zawadi ni ya mshindi, kwa hiyo droo inabaki ya nchi moja. Wa kwanza kunufaika alikuwa mchomelea vyuma aliyemwita mama yake kutoka ng'ambo. Walitutumia picha. Mama amembebea begi kana kwamba anampeleka shule.

Ndugu wengi wamekutana kupitia mlango huo. Aliyeufungua hakuweza kuupita, maana sharti la pili, linalokataza wafanyakazi na ndugu zao, lilimzuia, na sharti la pili aliliandika yeye mwenyewe.

Mniruhusu niweke hapa kumbukumbu yangu ndogo. Marehemu mume wangu alijaza kuponi kila msimu, akijua fika kwamba haruhusiwi. Mahali pa kueleza kwa nini unataka kusafiri aliwahi kuandika: “Nimechoka kuangaliwa na mke wangu.” Mama Masharti alimrudishia jibu lenye mhuri: “Shemeji, ombi lako limepokelewa kwa furaha na kukataliwa kwa furaha zaidi.” Jibu hilo limebandikwa kwenye friji yetu mpaka leo. Mwaka jana msimu ulifunguliwa muda mfupi baada ya kumzika. Mama Masharti alikuja mezani kwangu na vikombe viwili vya chai, akavuta kiti, akasema, “Msimu huu sina wa kumkatalia.” Tulikaa mpaka chai ikapoa.

Mimi na mume wangu tulikuwa na safari yetu tuliyoiita ya baadaye. Kwa hiyo mwezi uliopita nilipomsikia Mama Masharti akimwambia mdogo wake kwamba atakuja, ila labda mwakani, kwanza apake nyumba rangi, sikuweza kukaa kimya. Nilikwenda kwa mkurugenzi, kisha nikapita meza kwa meza na bahasha ya mchango. Hakuna aliyeuliza mara mbili.

Na kwa kuwa tunajua ameanza kuusoma ukurasa huu kutoka hapa chini, tunamkaribisha: Mama Masharti, umeshinda. Droo haikuchezeshwa, usitutafutie kibali. Wewe ni mkazi wa nchi hii, na kuanzia Jumamosi si mfanyakazi tena. Mwenzako anaishi ng'ambo, na sharti la tisa unalijua. Hoteli ni ile ya ziwani. Fundi cherehani ameahidi kuwapima nguo mbili za sare, mkivuka barabara. Mdogo wako tumeshampigia, na mpokea simu wetu bado analalamika sikio.

Asante kwa wote uliowakatalia kwa upole, na kwa chai. Tunakuombea mapumziko marefu yenye vicheko. Safari ni mwezi ujao, na sharti lake ni moja tu: hairuhusiwi kuahirisha. Rangi ya nyumba itangoja. Ndege ya mdogo wako inatua kabla ya yako. Utamkuta mlangoni, na utamsikia kabla hujamwona.