Sale Lisilo na Punguzo

Benchi letu liko nje ya duka la Zulfikar, Neasden, pale basi linapokata kona. Ilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba, mwaka 2004, na jua la London lilikuwa limetoka kwa kulazimishwa. Zulfikar ni mzaliwa wa Kisumu. Anauza mchele, maua ya kwenye vyungu, na kahawa ya tangawizi anayotumiminia kutoka kwenye chupa ya chai. Tunamwita Bei Moja kwa sababu hajawahi kumpunguzia mtu chochote. Elieshi wa Machame, ambaye kwetu ni Mangi, alikuwa amekaa katikati, amepakata chungu chenye mche. Pembeni yake Ghislain wa Bukavu, yule tunayemwita Katiba, alikuwa keshaanza kubisha kabla hajaambiwa jambo lenyewe.

— Shule ya binti yangu Adelina wanatengeneza kona ya kusomea nje, alisema Mangi. Watoto watakaa kwenye magogo katikati ya mimea. Kila mzazi apeleke kitu cha asili ya kwao. Kupanda ni leo mchana.

— Balisema indigenous, alidakia Katiba. Ni kusema wenyeji. Sasa wenyeji wa Neasden ni ba nani?

— Wenyeji wa kwetu, bwana, siyo wa hapa!

— Basi ule muti mudogo hautoshi. Mupande mugomba. Na nyuma ya mugomba muweke mulima wa moto, utoe moshi ya kweli. Batoto bajue.

— Na zimamoto wakija?

— Bapewe kahawa.

Bei Moja alitoka na chupa.

— Mgomba utakufa na baridi. Hata huo mche wako ni wa ndani ya nyumba. Unataka kibanda cha vioo, heater, na askari wa kulinda heater.

— Wewe nyamaza. Asubuhi si ulikataa kuniuzia mpaka nilipokuonyesha kwa kidole?

— Mtu anaingia dukani anasema, "Nataka sale." Nikamwambia sale iliisha wiki jana, leo hakuna punguzo, ni bei moja!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mangi hakucheka. Kwa Wachaga kama yeye, sale, ule mche aliopakata, ni mmea wa kuombea radhi. Ukimkosea mtu, ukampelekea jani lake, hawezi kukukatalia. Na Mangi alikuwa amekosea. Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya kuchimba pale shuleni, naye alikuwa amemwahidi binti yake kwamba atakuja, halafu kazini wakamwita overtime, akaenda. Adelina alisimama getini na mabeleshi mawili, moja la baba yake. Tangu siku hiyo, chochote anachoulizwa nyumbani anajibu "fine", basi. Nilimhurumia sana yule baba.

— Leo yataisha, alisema Mangi. Na kibao nimeandika mwenyewe.

Akatuonyesha. Herufi kubwa, nyekundu: SALE.

— Safi kabisa, nikasema mimi.

— Weka na taa, alisema Katiba. Bakione mpaka Wembley.

Bei Moja alikisoma kibao mara mbili.

Basi likasimama, akashuka Aikaeli, dada yake Mangi, anatoka zamu ya hospitali. Akatusalimia, akapokea kikombe, akasoma kibao.

— Kaka, Adelina si ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza?

— Ndiyo.

— Sasa hapo atasoma nini?

Kwa Kiingereza, hapo atasoma bei iliyoshushwa. Nilimwona akilini yule mtoto mbele ya wenzake, na baba ambaye wiki jana hakuja, leo amekuja na mche wa bei ya kutupa.

— Kwani hajui maana ya sale? aliuliza Aikaeli.

— Sijawahi kumwambia, alisema Mangi. Nilidhani anajua tu.

— Basi andika kwa Kiingereza, alisema Bei Moja, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake.

— Sale kwa Kiingereza ni nini?

Katiba, anayejua kila kitu, aliangalia ndani ya kikombe.

Mangi akakilaza kibao kwenye benchi, maandishi chini, akasimama na chungu chake.

— Nitamwambia kwa mdomo.

— Kwa lugha gani? aliuliza Aikaeli.

— Nitaanza na Kichaga. Tutaona ataitikia wapi.

Alikuwa ameshavuka barabara Aikaeli alipompigia kelele:

— Kaka! Na beleshi je?

— Analo yeye, alijibu Mangi bila kugeuka. Lile langu la wiki jana bado hajalirudisha.