Ukurasa wa Yaya Dieudonnée Uliorudishwa Mara Tatu

Wachungaji, masheikh, wazee wetu na majirani, karatasi hii inasomwa na Gédéon, mdogo wake marehemu, aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa agizo la shemeji yake Jean-Marie, aliyetaka isomwe yote, hata pale inapomwaibisha msomaji.

Marehemu Dieudonnée Feza alizaliwa Kabambare tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza kati ya watano, akasoma shule ya msingi huko huko, akamaliza sekondari Kasongo mwaka 1991, na tangu Septemba 1992 akafundisha darasa la pili katika kijiji kimoja kwenye njia ya Salamabila, ambako Gédéon mwenyewe alishikwa mkono naye hadi akaiweza herufi ya kwanza. Alifunga ndoa na Jean-Marie hapa Kasongo tarehe 6 Agosti 1994, wakajaliwa watoto wanne, kifungua mimba wao akiwa Arlette.

Mwaka 2021 Gédéon na wenzake walianzisha tovuti ya kilimo, kurasa za maandishi matupu zinazofunguka hata mtandao ukiwa dhaifu, ambayo mtu yeyote aliweza kuiandikia, ila kila ukurasa ulipita kwanza kwa Gédéon, naye kiburi kikamwingia. Marehemu aliona Kabambare hawatumi kitu, kwa kuwa maelekezo ya kutuma yalikuwa ya Kifaransa, basi Juni 2024, figo zikiwa tayari zinamsumbua, akayaandika upya kwa Kiswahili cha nyumbani: "Kama rezo iko, tuma, kama haiko, andika tu, itangoja." Gédéon alimrudishia, akidai "rezo" iandikwe "mtandao", "iko" si Kiswahili cha kitabu na "mutu" aandikwe "mtu". Alimrudishia mara tatu, na kila mara mgonjwa alipanda pikipiki ya Abdoul, dereva wa kijijini, hadi Salamabila kutafuta mtandao, na safari ya mwisho akaongeza ujumbe: "Mudogo wangu, weye ulijifunza kuandika mu mukono yangu. Hii Kiswahili njo ya watu wenye watasoma," yaani ndicho cha watu watakaousoma ukurasa. Gédéon alicheka, akaitia simu mfukoni. Mwacha asili ni mtumwa, na aibu hiyo anaisema leo mbele ya jeneza.

Alilazwa Kasongo tarehe 20 Januari 2025, akauliza mara moja tu kama ukurasa umeingia, Gédéon akajibu bado kidogo, ilhali ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja, na tarehe 9 Februari, saa kumi alasiri, akafariki akiwa na miaka 53. Ukurasa uliingizwa kesho yake, bila kuguswa herufi.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, majirani waliopika na kukesha, na Abdoul, ambaye hakuwahi kumwambia mgonjwa kwamba njia ni mbaya.

Yaya, pumzika kwa amani. Ukurasa yako iko.