Sijambo Niliyomjibu Mama

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu, hamjambo? Mmeitika wote, tena upesi. Basi hilo jibu lenu ndilo lililonisimamisha hapa.

Ndugu zangu wa Kwihara, mchezo mlioutazama sasa hivi tuliutunga wenyewe, darasa la kisomo cha watu wazima la kijiji chetu kule Igalula. Yule mtoto aliyefungiwa stoo ni mimi. Niliwasikia mkicheka nilipoingia, mtu mzima na mvi zangu, najiita mtoto wa miaka minane. Chekeni tu. Hata kwetu walianza hivyo hivyo.

Nilizaliwa Puge. Baba alipofariki, mama alinipeleka Tabora mjini kwa jamaa yetu mmoja, mwanamke mwenye uwezo, anilee na kunisomesha. Jina lake naliacha huko huko. Shule nilikwenda wiki mbili, kisha nikawa wa kuteka maji, wa kufua na wa kupigwa. Alinipiga kwa mwiko, kwa kamba ya kisimani, kwa chochote kilichokuwa karibu. Siku niliyounguza mboga aliukamata mkono huu akaubandika kwenye chungu cha moto. Kovu hili mnaloliona si rangi ya mchezo.

Nilimtamani mama, jamani. Kila jioni nikifagia uwanja nilikuwa natazama njia ya Nzega, ile ya kwetu Puge. Na kweli alikuja, baada ya mavuno, na kikapu cha matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, maana alijua navipenda. Mkono wangu ulikuwa umefungwa kitambaa. Mlezi akawahi kusema nimejimwagia uji. Mama akaniuliza mbele yake, "Mwanangu, hujambo?"

Ninyi mnajua tulivyofunzwa. Mtoto hamwagi shida mbele ya wakubwa. Nilipiga magoti nikajibu, "Sijambo, mama." Akashukuru, akanywa chai, akaaga. Nilimtazama mgongo mpaka akapinda kona, nikingoja ageuke. Hakugeuka.

Nikajiambia ameona, na ameniacha. Nilikua na neno hilo. Nilipopata nguvu za kutoroka nilipanda gari moshi, nikashuka Igalula, Puge sikwenda. Nikaolewa, nikazaa, tukahamia kijiji cha ujamaa. Mama akapata habari zangu, akawa anatuma watu niende anione. Nami sikukosa cha kusingizia, mara tumbaku iko kwenye bani inakaushwa, mara mvua imekata njia. Nawaambia ukweli, nilikuwa namtaka mpaka naota harufu ya kile kikapu, na bado siendi.

Ndipo mwalimu wa kisomo akataka mchezo juu ya malezi. Nikakitoa kisa changu kama kisa cha jirani. Wakanipa nafasi ya mtoto kwa sababu ya ufupi wangu. Siku ya kuonyesha, mbele ya ghala la tumbaku, mwenzangu aliyeigiza mama akaniuliza, "Mwanangu, hujambo?" Nilitakiwa kujibu kama siku ile. Watu wanacheka, mdomo umekataa. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Si salama, mama. Usiniache."

Kicheko kikakatika. Yule mwenzangu akasahau mchezo. Alikaa chini vumbini, akafungua kitambaa mkononi mwangu, akalikuta kovu. "Kumbe ni wewe," akasema. "Na mama yako aliambiwa lini?"

Hakuambiwa hata siku moja. Mimi sikukosa, nilikuwa mtoto na nilijibu nilivyofunzwa. Lakini na yeye hakuniacha.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Puge. Mama alikuwa amezikwa tangu masika, mvua imekata njia kweli, habari ya msiba isinifikie. Mjomba alinipeleka kaburini, akaniambia kwamba miaka yote ile, watu wakimsema mama kwa kunitoa, alikuwa akiwajibu, "Mwanangu yuko salama. Aliniambia mwenyewe kwamba hajambo."

Namshukuru yule mwenzangu aliyekaa vumbini. Namshukuru mwalimu, ambaye hakuufuta mchezo wengine walipodai tunaanika mambo ya ndani. Nawashukuru na watu watatu, mmoja mzee wa kuheshimika, walionifuata nyuma ya ghala kila mmoja kwa wakati wake, wakanionyesha makovu yao. Kama na wewe unalo, mimi nipo hapa mpaka jioni.

Ninachowaomba ni kidogo. Mtoto akikujibu sijambo, usiridhike ukanywa chai. Mchukue kando, mlezi wake asiwepo, uchuchumae umuulize mara ya pili.

Kikapu mlichokiona kwenye mchezo ni cha mama. Mjomba alinipa. Kila kijiji tunachokwenda mwenzangu anaingia nacho kichwani, na kila mara, kabla hajafungua mdomo, natamani awe yeye.