Mistari Niliyoiwekea R

Wapendwa, kabla ya neno lolote nawaomba mnitazame miguu. Nimesimama. Nimetoka nyumbani kule Mjambere nikatembea hadi hapa, na fimbo nimeiacha nyuma ya mlango makusudi, mke wangu asipate sababu ya kunishikisha. Anayemshukuru Mungu kwa miguu hii aseme amina. Haya, asanteni. Sasa nisikilizeni, maana sauti yangu mnaijua, lakini habari yangu hamuijui.

Wengi wenu mliniona miaka ile pale uwanjani, kila Jumamosi, kipaza sauti mkononi. Mimi ni mtu wa bara. Nilishuka huku kutafuta kazi nikaipata Changamwe, ghalani, kupanga magunia ya mchele. Na hoja yangu ya kwamba Mungu yupo niliitoa kule kule kazini. Nilikuwa nawauliza watu: ukiingia ghalani ukute magunia yamefika karibu na paa, kila tabaka limepishana na la chini yake, utasema yalijipanga? Wote wanajibu, la. Nawaambia, basi tazameni bahari inavyojaa na kupwa kwa saa zake, mniambie mpangaji ni nani. Hapo hata majirani zetu Waislamu waliokuwa wakipita waliitikia kwa kichwa. Kwa hilo hatukuwa na ugomvi.

Ugomvi ulianza nikifika kwa Yesu. Walimu wa upande wa pili walikuwa wamesoma, msidhani. Walisimama kwa adabu wakaniuliza: huyu unayesema ni Mungu, mbona Maandiko yenu wenyewe yanasema aliona njaa? Mbona alilala usingizi? Mbona alilia? Ndugu zangu, leo nakiri mbele yenu, jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na spika kubwa. Napandisha sauti, naanzisha pambio, wenzangu wanapiga makofi, swali linapotea. Kisha nikirudi nyumbani nafungua kitabu changu, kile chenye jalada la zipu, nautafuta mstari ulioniaibisha, naandika pembeni kwa kalamu nyekundu herufi R. R ya ruka, ili siku nyingine nikisoma hadharani nisiukanyage. Mnacheka, lakini kitabu kilikuwa chekundu kama kina ukambi.

Basi siku moja, mchana kweupe, magunia yakaniangukia. Simlaumu mtu. Tabaka la chini nililipanga mimi mwenyewe, kwa haraka, bila kulipishanisha vizuri. Hoja yangu iliniangukia nzima nzima.

Nikiwa kule chini nilisikia watu wakiita, yupo, yupo huku. Nilijua kwamba wanajua nipo, na uzito haukupungua hata punje. Kisha mwenzetu mmoja wa kazini, mtu mzima wa Likoni, akajipenyeza kwenye kinafasi akatambaa hadi mkono wake ukaufikia wangu. Akasema, "Nipo." Hakusema zaidi. Akakaa humo nami, magunia yakiwa juu yetu sote wawili, hadi tulipotolewa. Wakati ule sikulitia maanani jambo hilo.

Nyonga ilivunjika na mgongo ukaumia. Hospitalini walinifanyia walichoweza, kisha nikarudishwa nyumbani kulala chali, miezi. Mtu aliyekuwa akisikika hadi Junda sasa anaomba beseni kwa kunong'ona. Mke wangu ananiosha alfajiri, anakwenda kibaruani, anarudi kuniosha tena. Niliona haya hata kumtazama usoni.

Nikamwambia akitoe kile kitabu chumbani. Si kwamba niliacha kuamini kuwa Mungu yupo. La, hilo ndilo lililoniuma. Yupo, kapanga nyota zote, na hajui mgongo unaumaje. Nikaona sina la kuzungumza naye. Mchungaji akija, nafumba macho najifanya nimelala. Samahani, mchungaji, leo umejua. Nawaambia kweli, nilikuwa naondoka katika imani hii, mimi ambaye hata kitandani siwezi kuondoka.

Sasa, nyuma ya nyumba yetu anaishi mama mmoja, Mswahili wa hapa hapa, Mwislamu asiyekosa sala zake tano. Uwanja uko karibu na kwetu, na miaka yote hiyo spika yangu ilikuwa imeelekea dirishani kwake. Niliposikia hodi yake mchana mmoja, mke wangu yuko kazini, nilijua amekuja kuniona nilivyonyamazishwa. Nikamwamkia shikamoo kwa shingo upande. Akaitikia marahaba, akaketi kwenye stuli, akafunua bakuli la uji wa pilipili manga, akaanza kuninywesha kwa kijiko kama mwanawe.

Tulipofika nusu akasema, "Mwanangu, nina neno nataka kukuuliza, na usikasirike. Kila wakikusomea kwamba Isa alichoka, wewe wapiga kelele. Kwani kuchoka ni aibu?"

Nikafungua kinywa nimjibu kwa mazoea yangu. Uji ukanimwagika kidevuni. Akanifuta kwa ncha ya leso yake, akangoja jibu. Hakuwa akibishana. Alitaka kujua kweli, na mimi nilikuwa sijui.

Mke wangu aliporudi nilimwomba anirudishie kitabu. Akanitazama, akakileta bila kuuliza. Siku ile niliruka yote niliyozoea kusoma, nikasoma niliyozoea kuruka. R moja, R nyingine. Hapa ana njaa. Hapa amelala chomboni kwa uchovu, watu wanamwamsha. Hapa yuko kaburini kwa rafiki yake, analia mbele za watu wala hajifichi. Hapa anaangikwa, na yeye aliyeumba maji anaona kiu. Nikafika pale alipoketi kisimani, miguu imemwishia nguvu, akamwomba maji mwanamke asiyemjua, mwanamke wa watu wengine na ibada nyingine. Nikainua macho. Lile bakuli la uji bado lilikuwa juu ya stuli.

Nililia, ndugu zangu, mke wangu akadhani maumivu yamezidi. Nikaukumbuka ule mkono chini ya magunia. Hoja yangu ya ghala ni ya kweli na nitaitetea hadi nizikwe, lakini inakufikisha mlangoni tu. Inakuambia ghala lina mwenyewe. Haikuambii kwamba mwenyewe aliingia chini ya magunia akakushika mkono. Hilo lilikuwa kwenye R zangu, na mimi nilikuwa nimewaficha watu jambo hilo kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nikaomba, kwa mara ya kwanza tangu niletwe nyumbani. Nilisema, "Nimechoka, na wewe wajua." Nikaamini kwamba anajua.

Sikuinuka siku hiyo, msiseme nimewaletea muujiza wa haraka. Ilikuwa mazoezi, jasho na kushika ukuta. Lakini niliinuka. Na safari yangu ya kwanza haikuwa kuja kanisani, mnisamehe. Ilikuwa kurudisha bakuli, na kwa kuwa huku bakuli halirudi tupu, nilitia mahamri ya mke wangu. Nikamwambia yule mama, alichoka, na wala si aibu. Akanijibu, "Hilo sisi twalijua zamani." Kwamba Yesu ni nani zaidi ya hapo, hatujaafikiana hadi leo, na wala sikumficha ninavyoamini. Inshallah, asema yeye, tutazungumza. Tunazungumza, tena bila spika.

Namshukuru mke wangu, ambaye hajawahi kunihesabia beseni hata moja. Namshukuru yule wa Likoni aliyetambaa. Namshukuru jirani yangu. Nawashukuru ninyi mliokuja kunitazama nikiwa nimefumba macho, mkaomba hivyo hivyo.

Na wewe uliyeketi hapo umejikaza, unadhani imani ni kutochoka: huyu tunayemwabudu alikuwa mtu kweli, wa njaa na machozi, na ndiyo maana anakufaa. Zile R sijazifuta. Zimebaki nyekundu vile vile, ila sasa ni R ya rudia.

Niliwaonyesha miguu wakati naanza. Sasa inatetemeka, mnaiona. Zamani ningeendelea kusema hadi nianguke, ili msijue. Wapendwa, nimechoka. Naketi.