Jezi Isiyofuliwa

Baba yangu ni Amuri, babu yangu Hemedi, watu walioheshimiwa Kisangani kwa kutimiza neno. Mwaka 1957, katika treni ya Ubundu, niliketi mkabala na Mama Honorine na mwalimu Émile, atafutaye wachezaji wa mpira wa koleji, yaani shule ya sekondari. Kwetu, mama akifua jezi iliyoletwa nyumbani, mwanawe amekwisha kuwa wa timu.

"Mama, umefua ile jezi nilileta?" akauliza mwalimu. "Bado. Mutoto iko darasa la tano tu." "Alors, basi, timu ingine itamubeba!" "Jezi ya Zéphirin, mukubwa wake, nilifua mbio. Sasa yeye iko Léopoldville, na mimi kila siku napika sehemu yake." "Koleji iko karibu, mama." "Léopoldville pia mulisema karibu."

Mwalimu akautazama msitu kwa bidii. Treni ikasimama. Ninyi vijana, kabla hamjaahidi miguu yenu, waulizeni mama zenu!